Mkono wa Nani? Kutoka Buddha wa Berenike hadi Mafundi wa Kilwa

Aprili 2023 serikali ya Misri ilitangaza kupatikana kwa sanamu ya Buddha katika magofu ya Berenike, bandari ya kale kwenye Bahari ya Shamu. Ilikuwa imefukiwa na mchanga katika ua wa hekalu la Isis, mungu wa kike wa Wamisri, na waliofukua walikuwa wanaakiolojia wa Poland na Marekani. Kimo chake ni sentimita 71. Mguu wa kulia umekatika na ubavu wa upande huo umemeguka, lakini kilichobaki kinatosha kumtambua mwenyewe: amesimama, mkono wa kushoto umeshika sehemu ya vazi, nyuma ya kichwa pana duara lenye miale ya jua, na kando yake limechongwa ua la yungiyungi.

Yungiyungi ni la India. Miale ile, kwa upande wake, ndiyo ambayo wachongaji wa Kigiriki na Kirumi walizoea kumvika mungu wao wa jua. Jiwe nalo ni marumaru ambayo wataalamu wanaifuatilia hadi machimbo ya kusini mwa Istanbul. Wachimbaji wanakadiria kwamba sanamu ni ya karne ya 2, kwamba pengine ilichongwa Misri, na kwamba huenda aliyeitoa ni mfanyabiashara tajiri kutoka India. Mwalimu wa Wahindi, jiwe la Uturuki ya leo, patasi ya Misri, ua wa mungu mwingine kabisa, na yote hayo juu ya ardhi ya Afrika.

Berenike si mji uliojitenga na historia ya pwani ya Waswahili. Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa mabaharia unaojulikana kama Periplus wa Bahari ya Eritrea. Jina lake halikubaki, ila kitabu kilibaki. Berenike imo tangu kurasa za kwanza, kama mojawapo ya bandari za kuanzia safari. Njia moja inavuka na upepo wa kusi hadi India. Nyingine inazunguka pembe ya Afrika na kushuka kusini hadi soko la mwisho ambalo mwandishi analijua: Rhapta.

Rhapta, anasema, palikuwa na majahazi ya kushonwa kwa kamba na watu wenye miili mikubwa. Waarabu wa Muza, huko Yemen, walipeleka mikuki waliyoifua wenyewe, mashoka, visu na vitu vya kioo. Walipeleka pia divai na nafaka, si kwa kuuza bali kwa kutafuta urafiki wa wenyeji. Manahodha wao walioa huko na walijua lugha ya mahali. Mizigo iliyorudi ilikuwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Mwandishi hakosi la kulalamikia: pembe za ndovu za Rhapta ni nyingi, lakini kwa ubora hazizifikii zile za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Mchuuzi ni mchuuzi, hata miaka elfu mbili iliyopita.

Soko hilo lilikuwa wapi hasa, wanaakiolojia bado wanabishana, na delta ya Rufiji ni mojawapo ya mahali wanapopanyooshea kidole. Mtu wa Kipatimu, huko Umatumbi, hahitaji ramani kujua maana yake. Milima ya Umatumbi iko kusini tu mwa Rufiji, na ndovu na faru wa soko kama hilo walitoka bara, si kwenye mikoko. Mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za kioo zilizofukuliwa Rufiji, akazihusisha na biashara ileile ya Wagiriki na Warumi inayosimuliwa katika Periplus.

Msomaji akiendelea na safari ya kitabu hicho hadi magharibi ya India, atafika Barygaza, mji ambao leo ni Bharuch katika Gujarat. Huko ndiko zilikotoka meli zilizoleta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba na sukari ya miwa hadi masoko ya pwani ya Somalia. (Siku hizi ufuta umegeuza njia: Lindi inalima, India na China zinanunua.) Na hapo Barygaza mwandishi anataja jambo ambalo halionekani kumshangaza, ingawa linashangaza kweli. Sokoni, anasema, bado zinatumika sarafu za fedha za zamani zenye herufi za Kigiriki na majina ya wafalme wawili waliotawala baada ya Aleksanda: Apollodotos na Menandros.

Sarafu za Kigiriki katika soko la India zilifikaje?

Aleksanda Mkuu alivuka milima ya Hindu Kush mwaka 327 KK, akapigana hadi bonde la Indus, kisha askari wake wakachoka na kukataa kuendelea. Alirudi nyuma, akafa Babeli mwaka 323 KK. Lakini si wote waliorudi. Wagiriki waliobaki Baktria, yaani kaskazini mwa Afghanistan ya leo, walijenga miji yenye viwanja vya mazoezi na majumba ya maigizo. Mmoja, Ai Khanoum, ulifukuliwa na Wafaransa kuanzia 1964. Mfalme Ashoka wa India, mlezi mkuu wa dini ya Buddha, alipotaka kuwaambia raia wake wa Kandahar waache kuua viumbe, aliamuru tangazo lichongwe mwambani kwa lugha mbili, Kigiriki na Kiaramu. Baadaye, katika karne ya 2 KK, wafalme wa Kigiriki wa Baktria walivuka milima na kutawala Gandhara, bonde la Peshawar na maeneo yanayolizunguka. Menandros alikuwa mmoja wao. Wabuddha wanamkumbuka kwa jina la Milinda, mfalme aliyejadiliana na mtawa Nagasena juu ya nafsi na kuzaliwa upya, na majadiliano hayo yakawa kitabu kinachosomwa hadi leo.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kwa karne kadhaa baada ya Buddha kufariki, wachongaji wa India hawakumchonga kwa umbo la mtu. Walichonga wafuasi wake, tembo, miti, makutano ya watu, na katikati ya makutano hayo, pale ambapo Buddha angekaa, waliacha kiti kitupu. Au waliweka nyayo mbili, gurudumu, mti ambao chini yake alipata nuru. Farasi aliyembeba usiku alipoihama ikulu, maana alizaliwa mwana wa mfalme, anaonekana na tandiko lake, amefunikwa mwavuli wa kifalme, na juu yake hakuna mtu.

Kisha, kwenye karne ya 1 BK, kiti kikapata mwenyewe. Ilitokea takriban wakati mmoja mahali pawili: Mathura, katikati ya kaskazini ya India, na Gandhara. Buddha wa Mathura ni wa mchanga mwekundu uliogeuka jiwe, kifua kipana, nguo nyepesi iliyogandamana na mwili. Wa Gandhara ni mtu mwingine. Jiwe lake ni la kijivu linalokatika kwa matabaka, na mchongaji amelitumia vizuri: joho zito limefunika mabega na kushuka hadi vifundoni kwa mikunjo mirefu, kila mkunjo na kivuli chake, kama lilivyochongwa kwenye sanamu za wasemaji wa Athene na maseneta wa Roma. Nywele zina mawimbi, zimefungwa fundo utosini. Pua imenyooka kutoka kwenye paji bila kuvunjika. Uso ni wa kijana, na wengi wameuona kuwa uso wa Apollo. Lakini kope zimeinamishwa nusu, ndani anakotazama siko Apollo anakotazama, na masikio yamerefuka kwa sababu mwana wa mfalme huyu alivaa vipuli vizito kabla hajaviacha. Kisa hicho si cha Mgiriki. Ni cha Mbuddha.

Mifano ya namna hii ni mingi kuliko nafasi. Jiwe moja lililo katika Makumbusho ya Uingereza linaonyesha farasi wa mbao mwenye magurudumu akisukumwa kuelekea lango la mji, na langoni mwanamke amenyanyua mikono juu. Ni kisa cha Troya, kimechongwa Gandhara. Wafalme wa Wakushani, waliotawala baada ya Wagiriki, walipiga sarafu ya dhahabu ambayo upande mmoja ina Mfalme Kanishka na upande wa pili Buddha amesimama, na pembeni jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki.

Ulio mzuri kuliko yote ulikuwa Hadda, karibu na Jalalabad. Katika hekalu la Tapa Shotor wachimbaji wa Afghanistan walikuta, miaka ya 1970, Buddha wa udongo ameketi na pembeni yake mlinzi wake Vajrapani. Mlinzi huyo alikuwa na ndevu na misuli ya mpiganaji, na begani ametupia ngozi ya simba. Ngozi ya simba ni vazi la Herakles. Kila mtoto wa Kigiriki alimtambua kwa hilo. Ila mkononi hakuwa na rungu la Herakles. Alishika radi, silaha ya Vajrapani katika visa vya Wabuddha. Mfinyanzi alimchukua shujaa wa watu wengine, akampokonya rungu, akampa kazi mpya. Sanamu hizo hazipo tena: ziliharibiwa katika vita vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970.

Umbo hilo lilisafirije? Watu walihama, hilo ni wazi, lakini kipo pia kielelezo kinachoonyesha kazi ilivyokwenda karakanani. Huko Begram, kaskazini mwa Kabul, Wafaransa Joseph na Ria Hackin walifukua kati ya 1937 na 1939 vyumba viwili vilivyozibwa kwa matofali. Ndani mlikuwa na vioo vya Kirumi, kimoja kimepambwa kwa mnara wa taa wa Aleksandria. Pembe za ndovu zilizochongwa kwa mtindo wa Kihindi. Vyombo vya China vilivyopakwa laka. Na sahani ndogo za plasta zenye sura za miungu na wapiganaji wa Kigiriki. Sahani hizo zilikandikwa juu ya vyombo vya fedha ili kunakili nakshi. Fundi aliweza kuzifunga kwenye kitambaa, akavuka nazo bahari na milima, akamwonyesha mteja wa mbali ni nini anachoweza kumtengenezea.

Nani basi alistahili sifa ya umbo hilo? Mwaka 1905, mwezi Julai ukiisha, wakulima wa Nandete, jirani na Kipatimu, waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwaka huohuo, jijini Paris, msomi Alfred Foucher alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya sanaa ya Gandhara, akaiita ya Kigiriki na Kibuddha. Kwa maoni yake, wazo la kumpa Buddha mwili wa mtu lilitoka kwa mchongaji mwenye damu au mafunzo ya Kigiriki. Matukio hayo mawili hayakujuana, lakini yalipumua hewa moja. Enzi ile Ulaya iliamini kwamba kilicho bora Asia na Afrika lazima kiwe na baba Mzungu, au kama hapana Mzungu, basi mgeni mwingine yeyote ila mwenyeji.

Jibu lilikuja 1927. Ananda Coomaraswamy, msomi aliyezaliwa Ceylon na kufanya kazi Boston, aliandika kwamba sanamu ya Buddha ina mizizi yake India. Wachongaji wa Mathura walikuwa na desturi ndefu ya kuchonga mizimu ya miti na utajiri, majitu yaliyosimama kwa miguu miwili iliyokita chini, na Buddha wao alitoka humo. Tena kuna tatizo la tarehe, ambalo Foucher hakuliondoa: ufalme wa mwisho wa Kigiriki ulizimika mwanzoni mwa karne ya 1 BK, ilhali kazi nyingi za Gandhara ni za karne ya 2 na ya 3. Ndipo wengine, akiwemo Mwingereza Mortimer Wheeler, wakaelekeza macho baharini. Kama kuna mkono wa magharibi katika sanaa hii, walisema, sehemu kubwa ni mkono wa Roma, nao ulifika kwa meli za Berenike na Barygaza.

Wheeler ndiye anayeileta habari hii Kilwa, kwa miguu yake mwenyewe. Alichimba Taxila katika miaka ya 1940 na Charsadda, mji mwingine wa Gandhara, mwaka 1958. Kati ya safari hizo, mwaka 1955, alitembelea Tanganyika na kutembea katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Aliona vipande vya vyombo vya China vimetapakaa kila mahali, akatamka kwamba historia iliyofukiwa ya nchi hii, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri za Kichina. Kauli ilipendwa sana. Ina kasoro moja: kauri za wageni hupatikana kwa mamia, vyungu vya wenyeji hupatikana kwa maelfu juu ya maelfu, na Wheeler aliyajua hayo kama mchimbaji yeyote anavyoyajua.

Swali la Gandhara sasa likaulizwa Kilwa. Nani alijenga?

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza katika karne ya 11, mdogo, wenye paa la bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua na kuuezeka kwa kuba na matao, na juu ya mwamba wa kisiwa akajenga Husuni Kubwa, jumba la zaidi ya vyumba mia, lenye birika la kuogea la pembe nane na ngazi za kuteremkia baharini. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta sultani huyo, akamsifia ukarimu. Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, inasema kwamba akiwa kijana alikwenda kuhiji, na njiani alikaa Aden kadiri ya miaka miwili akisoma. Alichokiona huko kilirudi naye kichwani. Maandishi ya Kiarabu yenye jina lake, yaliyochongwa katika jiwe, yalifukuliwa ndani ya Husuni Kubwa.

Lakini mtu akishika jiwe lenyewe, habari inabadilika. Jiwe la nakshi ni tumbawe la aina ya porites, lililokatwa likiwa hai chini ya maji. Likitoka baharini ni laini, linakubali tezo na patasi karibu kama ubao mbichi. Likikauka linakuwa gumu na halichongeki tena kwa urahisi. Fundi ana siku chache za kukata ukingo wa mlango, kona ya mihrabu, ukanda wa nakshi za kamba iliyosokotwa. Chokaa inatoka kwenye tumbawe hilohilo, limechomwa juu ya lundo la magogo hadi likawa unga. Upana wa vyumba haukuamuliwa na mchoro wa Aden bali na boriti za mkoko, ambazo hazivuki mita tatu hivi bila kupinda. Ndiyo maana nyumba za mawe za pwani ni ndefu na nyembamba. Maarifa haya hayakupakiwa Ghuba. Ni ya mtu anayeijua miamba ya Kilwa, mikoko ya Rufiji na maji ya bamvua. Na fundi huyo, alipokuta bakuli lililotoka ng'ambo, hakulinakili. Alilipachika kwenye kuba ya msikiti, kama katika msikiti mdogo wenye kuba, pambo ambalo mfinyanzi wake hakulikusudia.

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliuona mji huu zaidi kama kazi ya wageni Waislamu waliohamia pwani. Alikuwa mchimbaji makini, na umakini wake ulimpinga: chini kabisa ya mawe aliandika kuwepo kwa kijiji cha udongo na miti, chenye vyungu vya wenyeji na watu wanaofua chuma, karne kadhaa kabla ya kuba ya kwanza. Waliomfuata, akina Chami, George Abungu na Mark Horton, walisema mji ulianzia hapo kijijini. Machi 2023, mwezi mmoja tu kabla ya habari za Berenike, utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka miji ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwemo, ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kwa hiyo wageni walikuwepo kweli, kama tarikh ilivyosema siku zote. Ila mji waliuingia, hawakuuleta.

Horton mwenyewe ana kitendawili chake. Huko Shanga, kisiwani Pate, alifukua simba mdogo wa shaba wa karibu mwaka 1100. Mnyama huyo ni wa Kihindi kwa mtindo, wa aina ya sanamu ndogo za ibada za Deccan, lakini Horton anadhani huenda alisubiwa papo hapo pwani ya Afrika. Katika mji wa Kiislamu, simba wa ibada ya Kihindi ni jambo gumu kulieleza kwa neno moja, sawa na Buddha katika ua wa Isis. Kizimkazi, Unguja, hakuna kitendawili cha namna hiyo: maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 yana umbo la wachongaji wa Siraf, Uajemi, yakiwa yamekatwa katika tumbawe la hapohapo.

Wareno waliiteka na kuipora Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Kuta za Husuni Kubwa zilikuwa zimeachwa zamani kwa mawimbi na mizizi ya miti. UNESCO iliyaandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuimarisha kuta na kupanda mikoko kuzuia bahari. Wakazi wa visiwa walifundishwa kazi hiyo na kuajiriwa kuifanya. Saruji huziumiza kuta za namna hii, kwa kuwa haiachi jiwe lipumue. Kwa hiyo walirudi kwenye chokaa.